Mpango wa Elimu na Daftari la Mahudhurio: Namna ya Kupima Maendeleo ya Skuli Zetu

Tarehe 23 Septemba, 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza elimu bure kwa watoto wote bila ya ubaguzi. Tamko lilikuwa la siku moja. Utekelezaji wake ni kazi ya vizazi. Ili kazi hiyo iende kwa utaratibu, sekta ya elimu imeongozwa na mipango ya muda mrefu: Mpango Mkuu wa Elimu wa 1996 hadi 2006, Sera ya Elimu ya 2006, Programu ya Maendeleo ya Elimu ya 2008/09 hadi 2015/16, na Programu ya Pili iliyoanza 2017/18. Makala haya yanakusudia kuwaeleza watumishi na wananchi jinsi mipango ya namna hiyo inavyofanya kazi, na jinsi inavyotegemea kalamu ya mwalimu wa darasa.

MPANGO MKAKATI NI NINI?

Mpango mkakati si orodha ya matumaini. Hujibu masuala manne: tuko wapi, tunataka kufika wapi na lini, tutapita njia gani kwa fedha na watu tulionao, na tutajuaje kuwa tumefika. Suala la nne ndilo linalosahauliwa mno. Sera ya 2006, kwa mfano, iliazimia elimu ya lazima ya miaka 12: miaka 2 ya maandalizi, 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Azma hiyo inapimika, kwani watoto waliofika na walioachia njiani wanaweza kuhesabiwa. Lakini kuandika tu kuwa "tutainua kiwango cha elimu", bila ya kutaja kiwango wala mwaka, ni kuandika jambo lisilokuwa na mwenye kuulizwa.

NGAZI ZA UPIMAJI

Upimaji una ngazi zake, na kosa la kawaida ni kusimama katika ngazi ya mwanzo. Tuchukue madawati. Kutengwa kwa fedha ni ngazi ya kwanza. Kununuliwa na kufikishwa skuli ni ya pili. Kukaliwa na wanafunzi ni ya tatu. Ya nne, ambayo ndiyo iliyokusudiwa, ni mtoto kujua kusoma na kuandika vizuri zaidi kuliko alipokuwa akikaa chini. Ripoti inayosema fedha zimetumika zote haijasema bado kama mtoto amenufaika.

HESABU YA MFANO

Tuchukulie shehia yenye watoto 200 wa umri wa elimu ya msingi. Skuli yake imeandikisha wanafunzi 220. Ukigawa 220 kwa 200 utapata asilimia 110, na mwenye haraka atasema kazi imekwisha. Lakini daftari likichunguzwa, wanafunzi 60 wamepindukia umri huo au hawajaufikia. Wenye umri khasa ni 160 tu, yaani asilimia 80. Hivyo watoto 40 wa shehia hiyo hawamo darasani, nao wamefichwa na asilimia 110.

Kipimo cha kwanza huitwa uandikishaji wa jumla. Cha pili ni uandikishaji halisi. Vyote vina manufaa, ila anayesoma kimoja bila ya chenzake hudanganyika. Tena kuandikishwa si kuhudhuria. Mtoto anaweza kuwamo katika daftari mwezi wa kwanza, na wakati wa mavuno ya karafuu, kazi ya mwani au dago akawa hayupo.

UKWELI WA TAKWIMU

Wahenga walisema, mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Mtoto ni zaidi ya mali. Skuli inayoongeza idadi kwa tamaa ya kupata vifaa huchukua haki ya skuli nyengine yenye uhaba wa kweli. Inayoficha watoto walioacha masomo, kwa kuogopa lawama, huwazuilia watoto hao msaada wa kurejeshwa. Na kiongozi anayemkemea mwalimu kwa kuleta takwimu mbaya ya kweli amezifunza skuli zote zilizobaki kuleta takwimu nzuri ya uongo.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Kwanza, mwalimu wa darasa ajaze daftari kila siku, si mwisho wa mwezi kwa kukisia.

Pili, Mwalimu Mkuu na Kamati ya Skuli walinganishe idadi ya mwaka huu na ya mwaka uliopita, na kila aliyepungua aulizwe yuko wapi.

Tatu, Sheha alinganishe watoto waliomo katika kumbukumbu za shehia yake na waliomo skuli. Hapo ndipo wale 40 watakapoonekana.

Nne, ofisi za elimu za wilaya zirejeshe majibu skulini. Takwimu inayopanda juu bila ya kurudi na uamuzi humvunja moyo aliyeikusanya.

Tano, mzazi atoe habari anapohama au mtoto anapougua, na ahudhurie mikutano ya skuli aulize namba hizi.

Mpango huandikwa na wachache, lakini hutekelezwa na wengi. Kila jina lililoandikwa kwa ukweli katika daftari ni mtoto mmoja ambaye Serikali na jamii haziwezi tena kusema hazikumjua.