SOMO: UMEME WA PEDALI ZA GITAA



Pedali ni kisanduku kidogo ambacho mpigaji hukikanyaga ili kubadili sauti ya gitaa la umeme kabla haijafika kwenye amplifaya. Pedali nyingi hutumia umeme wa volti 9, ama wa betri ama wa adapta ya ukutani. Betri ikiisha, huchomekwa adapta yoyote iliyo karibu, na pedali iliyonunuliwa kwa mchango wa kwaya nzima yaweza kuharibika papo hapo. Leo tutajifunza juu ya maadui wake wawili: ncha zilizogeuzwa na mvumo.

1. Ncha zilizogeuzwa

Umeme wa betri au adapta hii una ncha mbili, chanya na hasi. Plagi ya adapta nayo ina sehemu mbili: tundu la katikati na bomba la nje. Pedali nyingi hutaka hasi katikati na chanya nje. Vyombo vingine vingi vya umeme hutaka kinyume chake, na huenda plagi zao zikawa na umbo lile lile. Basi, plagi kuingia vizuri si ushahidi kwamba adapta inafaa. Tazama mchoro mdogo uliochapwa juu ya adapta: alama iliyounganishwa na kitone cha katikati ndiyo ncha ya katikati.

2. Mlinzi wa mlangoni

Dayodi hupitisha umeme upande mmoja na kuuzuia upande wa pili. Kwa hiyo huweza kuwa mlinzi, kwa njia tatu:

(a) Dayodi sambamba. Huunganishwa kati ya chanya na hasi, mstari wake ukielekea chanya. Umeme ukija sawasawa, dayodi haifanyi kitu. Ukija umegeuzwa, hupita njia ya mkato ndani ya dayodi, na sehemu nyingine zikasalimika. Lakini adapta yenye nguvu yaweza kuiunguza dayodi yenyewe, na pedali ikabaki bila mlinzi. Yafaa kuweka fyuzi au rezista mbele yake.

(b) Dayodi ya mfuatano. Umeme wote hupita ndani yake, na uliogeuzwa haupiti kabisa. Lakini mlinzi huyu hutoza ushuru: dayodi ya kawaida, kama 1N4001, hula volti 0.7 hivi. Ile iitwayo 1N5817 hula kidogo zaidi ya volti 0.2 kwa pedali ndogo.

(c) Transista ya MOSFET ya chaneli P. Hufanya kazi ile ile, na ushuru wake ni kama haupo.

3. Mvumo

Umeme wa ukutani hapa Afrika Mashariki una mizunguko 50 kwa sekunde. Adapta ya transfoma ikisha kuunyoosha, hubaki viwimbi 100 kwa sekunde. Sasa angalieni: uzi mnene wa gitaa, ukibanwa kwenye freti ya tatu, hutoa noti ya G yenye mitetemo 98 kwa sekunde! Maana yake, mvumo ukisha kuingia katika sauti, huwezi kuuondoa bila kuondoa na muziki. Sharti uzuiwe kwenye umeme, kabla ya kufika kwenye sauti.

Kizuizi chake ni kapasita. Hiyo ni kama tangi la maji: bomba huleta maji kwa vipindi, lakini tangi huyatoa sawasawa. Rezista ya omu 100 ikifuatwa na kapasita ya maikrofaradi 100 hupunguza viwimbi hivyo mara sita hivi. Pedali itumiayo miliampia 5 hupoteza nusu volti tu kwenye rezista hiyo. Itumiayo miliampia 50 ingepoteza volti 5, nayo isingefanya kazi. Chagua kapasita ya volti 16 au 25. Ongeza nyingine ndogo ya nanofaradi 100 kando yake, ili kuzuia mlio mwembamba uletwao na adapta nyepesi za siku hizi.

4. Utaratibu

Mlinzi kwanza, tangi baadaye. Kapasita kubwa nayo ina chanya na hasi. Ikigeuziwa umeme hupata joto, na yaweza kupasuka.

5. Tahadhari

Si pedali zote zilizo sawa. Fuzz Face ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1966, mwanzoni ilitumia transista za jerimani, na chanya ndiyo iliyounganishwa na chuma cha kisanduku. Pedali ya namna hiyo ikishirikiana adapta moja na nyingine za kawaida, chanya na hasi hukutana. Ipewe betri yake yenyewe.

Maswali

1. Kwa nini mvumo uzuiwe kwenye umeme, wala si kwenye sauti?
2. Dayodi sambamba ina hatari gani?
3. Pedali inatumia miliampia 20 kupitia rezista ya omu 100. Katika volti 9, zinabaki ngapi?
4. Chukua adapta iliyo nyumbani kwako. Ncha yake ya katikati ni ipi?