Kusafirisha faili kubwa za utafiti kutoka Lodwar na Kakuma

Miti ya mathenge iliyosongamana kando ya mto Turkwel mjini Lodwar, na maji ya mto Tarach yanapofurika Kakuma, ni mambo ambayo wanafunzi na maafisa wa nyanjani huyapima kwa picha za droni, alama za GPS na mahojiano na wakazi. Data hiyo hukusanywa kwa siku nyingi juani. Inaweza kupotea kwa jioni moja tu, pale inapopakiwa kwenye kompyuta ya pamoja iliyo mbali na Turkana.

Kompyuta ya pamoja ni mkusanyiko wa seva zenye nguvu ambazo watafiti wengi huzitumia kupitia intaneti, kila mmoja kwa akaunti yake. Mfano ni Digital Earth Africa, yenye picha za setilaiti za bara zima na mahali pa kuzichambulia bila malipo. Kituo cha RCMRD kilichoko Kasarani, Nairobi, ni mmoja wa washirika wake.

Kosa la kwanza ni kupakia kisichohitajika. Picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo nukta zake ndogo kabisa ni mita 10 ardhini, tayari ziko kwenye seva hizo. Mtafiti wa mathenge hana sababu ya kuzipakua hadi Lodwar kisha kuzirudisha zilikotoka. Anachopaswa kutuma ni kile kinachopatikana Turkana pekee: mipaka ya maeneo, alama alizochukua kwa miguu na majibu ya wenyeji. Faili za aina hiyo huwa ndogo, na zikibanwa hupungua zaidi, kwa sababu maandishi na namba hubanika vizuri.

Picha za droni ni habari nyingine. Huwa zimekwisha kubanwa ndani ya kamera, na kuzibana tena hakupunguzi kitu cha maana. Hapa hesabu ifanywe kabla ya bando kununuliwa. Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti, ilhali ukubwa wa faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti 1 ni biti 8. Folda ya GB 60 ni megabiti 480,000. Ikiwa mtandao unapandisha megabiti 4 kwa sekunde, safari itachukua sekunde 120,000, yaani saa 33 na dakika 20, bila kukatika hata mara moja. Tena kinachohesabiwa ni kasi ya kupakia, ambayo kwenye mtandao wa simu kwa kawaida huwa chini ya ile ya kupakua. Anayepima kasi ya kupakua peke yake hujidanganya.

Kwa kuwa stima na mtandao hukatika, folda hiyo haifai kutumwa ikiwa kitu kimoja kupitia ukurasa wa kivinjari. Ikigawanywa vipande 120 vya MB 500, kila kipande kitahitaji dakika 17 hivi, na mtandao ukikatika kitakachorudiwa ni kipande kimoja. Programu ya 7-Zip hugawanya faili kwenye Windows; kwenye Linux ipo amri ya split. Pale ambapo seva inaruhusu, rsync ni bora zaidi, kwani ikiagizwa kuhifadhi kilichokwisha kufika huendelea pale ilipokomea.

Kufika si sawa na kufika salama. Kila kipande kipewe alama ya ukaguzi kabla ya kutumwa. Amri ya sha256sum husoma faili yote na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Biti moja ikibadilika njiani, mfuatano huo hubadilika kabisa. Amri hiyo hiyo ikiendeshwa upande wa pili, mifuatano miwili hulinganishwa. Kadi ya kumbukumbu ya droni isifutwe hadi ilingane, hata kama kesho yake kuna safari nyingine ya Kakuma na kadi ni hiyo moja tu. Mafuriko yaliyopigwa picha Jumanne hayatarudi Ijumaa ili yapigwe upya.

Wakati mwingine jibu ni barabara. Diski ya nje iliyowekwa kwenye basi la kwenda Nairobi huenda ikafika kabla ya GB 60 kumaliza kupanda mtandaoni. Ifungwe kwa nenosiri, si kwa mkoba tu, na nakala ya pili ibaki Lodwar.

Kabla ya hayo yote, majina yaondolewe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu hali ya afya, asili ya kikabila na taarifa za familia kuwa data nyeti, na inaweka masharti kwa data binafsi inayotoka nje ya Kenya. Seva ya pamoja inaweza kuwa nchi nyingine. Data ya Digital Earth Africa iko Cape Town. Kufuta majina na namba za simu hakutoshi. Alama ya GPS iliyochukuliwa mlangoni humtaja mwenye nyumba vilevile. Kwa mkimbizi wa Kakuma au Kalobeyei aliyekimbia watu wanaomtafuta, alama hiyo ni hatari. Afadhali itumwe ya kijiji au ya mtaa mzima. Picha za droni nazo hubeba alama za GPS ndani yake, jambo ambalo wengi hulisahau.

Mkazi anayehojiwa ana haki ya kuuliza majibu yake yatahifadhiwa wapi na nani ataweza kuyaona. Mhoji aliyejiandaa hulijibu swali hilo papo hapo, kabla ya kufungua tableti.

Vipande vikishaunganishwa na kukaguliwa kwenye seva, vile 120 vya awali vifutwe huko. Nafasi ni ya wote, na GB 60 zilizosahaulika humzuia mwingine kupakia.