Samaki Wanahemea Juu Alfajiri

Swali: Tangi langu la samaki na mimea, hapa Shinyanga, nalipulizia kaboni dioksidi usiku na mchana. Alfajiri samaki wanahemea juu. Niongeze magadi kupunguza asidi?

Jibu: Magadi acha, ndugu yangu. Yatapandisha pH, lakini gesi inayowakaba samaki itabaki palepale. Gizani mimea haitumii gesi hiyo, tena inagombania oksijeni na samaki. Funga mtungi saa moja kabla ya kuzima taa. Maji ya bomba kutoka Ziwa Victoria, yanayovutwa Ihelele, ni laini, hivyo pH hushuka upesi. Ikishuka kwa 1 tu, gesi imefika mara 10 ya awali. Kwa leo, washa pampu ya hewa mpaka washuke.