Kujua na Kukariri: Falsafa na Akili Mnemba katika Kazi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi

Utangulizi

Katika shule moja ya msingi wilayani Karatu, tulipokuwa tukiangalia mazoezi ya kufundisha, mwanachuo mmoja aliwauliza watoto wa Darasa la Tano maana ya mamalia. Msichana mmoja alisimama akajibu bila kusita: mamalia ni mnyama mwenye uti wa mgongo na nywele mwilini, ambaye hunyonyesha watoto wake. Jibu lilikuwa sahihi, neno kwa neno kama lilivyoandikwa ubaoni wiki iliyotangulia. Darasa likampigia makofi. Ndipo mwanachuo akauliza, "Na popo je?" Msichana akajibu kwamba popo ni ndege, kwa kuwa anaruka. Mwanachuo akabaki ameshika daftari la alama asijue aandike nini.

Je, mtoto yule aliijua maana ya mamalia, au hakuijua? Swali hili humkabili kila mwalimu asahihishapo madaftari. Ndilo swali wanalokabiliana nalo pia wasomi wa vyuo vikuu wanaosoma kwa pamoja falsafa na akili mnemba. Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa nini elimu hizi mbili husomwa pamoja, kuonyesha kwa mifano ya Karatu na Ngorongoro maswali zinayoyachunguza, na kupendekeza somo moja ambalo mwanachuo anaweza kulifundisha bila ya kuwa na kompyuta.

Maana ya elimu hizi mbili

Akili mnemba ni elimu ya kutengeneza mashine zinazofanya kazi ambazo, lau zingefanywa na binadamu, tungesema ametumia akili: kutambua sura, kufasiri lugha, kucheza sataranji. Falsafa huchunguza misingi ya mambo: kujua ni nini, akili ni nini, haki ni nini. Kwa mtazamo wa juu juu elimu hizi ziko mbalimbali, moja ya hesabu na nyaya, nyingine ya maneno. Lakini zimekuwa karibu tangu mwanzo. Mwaka 1950 mwanahisabati wa Uingereza, Alan Turing, aliuliza kama mashine zaweza kufikiri, na makala yake ilitoka katika Mind, ambalo ni jarida la falsafa. Alipendekeza jaribio: mtu aulize maswali kwa maandishi, ajibiwe na binadamu na mashine bila ya kuwaona, kisha ajaribu kuwatofautisha.

Sehemu ya mwisho ya makala hiyo haitajwi sana, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi sisi walimu. Turing alishauri kwamba badala ya kujaribu kutengeneza akili ya mtu mzima, itengenezwe akili inayofanana na ya mtoto, kisha ipewe elimu. Akaongeza kwamba mara nyingi mwalimu wa mashine ya namna hiyo hatajua yanayotendeka ndani yake. Ni nani kati yetu asiyeifahamu hali hiyo?

Baadaye vyuo vikuu vilianza kuziunganisha elimu hizi rasmi. Katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, mmoja wa waanzilishi wa masomo hayo katika miaka ya 1970 alikuwa Aaron Sloman, Mwafrika kwa kuzaliwa, aliyezaliwa mwaka 1936 katika mji ambao leo ni Kwekwe, Zimbabwe. Alisoma hisabati na fizikia kwanza, kisha akawa mwanafalsafa. Katika kitabu chake cha mwaka 1978 alidai kwamba mwanafalsafa asiyejua habari za kompyuta atakuwa na upungufu mkubwa katika kazi yake. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Oxford kilianzisha shahada inayounganisha elimu ya kompyuta na falsafa. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha elimu zote mbili, kila moja katika idara yake. Mwanachuo wa ualimu hana haja ya kungoja shahada ya namna hiyo ndipo ayafikirie maswali yake, kwani yamelala karibu naye.

Swali la kwanza: nani aitwe mwenye akili?

Tuanzie Bonde la Oldupai, ambalo vitabu vingi huliita Olduvai, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Mifupa iliyofukuliwa pale miaka ya mwanzo ya 1960 ilipewa jina la Homo habilis mwaka 1964 na Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier. Maana ya jina hilo ni mtu stadi, kwa sababu walimhusisha na zana za mawe zilizopatikana hapo. Lakini kulikuwa na kikwazo. Kipimo cha ubongo kilichokuwa kikitumiwa na wataalamu wengi kuamua nani aingie katika jamii ya binadamu kilikuwa sentimita za ujazo 750, na ubongo wa kiumbe yule haukufika hapo. Wataalamu wale wakakishusha kipimo hadi 600. Wakati huo huo, huko Gombe, Jane Goodall alikuwa amekwisha kuona mwaka 1960 sokwe wakitengeneza vijiti vya kuvulia mchwa. Basi hata kutengeneza zana hakukuweza tena kuwa alama ya binadamu peke yake.

Tujifunze nini hapa? Mfupa haukusema wenyewe kwamba ni wa mtu. Watu waliamua maana ya neno "mtu", kisha wakaupima mfupa. Ndivyo ilivyo kwa mashine. Anayesema "kompyuta hii ina akili" na anayesema "haina" wanaweza kuwa wameona jambo lile lile, wakatofautiana katika maana ya neno akili. Fundi atatuonyesha mashine inafanya nini, na mwanafalsafa atatuuliza tunaitaje kazi hiyo na kwa sababu gani. Kila mmoja akibaki peke yake, ubishi hautakwisha.

Swali la pili: mashine hujifunzaje?

Katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, inayopakana na Ngorongoro, watafiti walitega kamera 225 kuanzia mwaka 2010. Kila mnyama akipita, kamera hujipiga picha yenyewe. Picha zikawa nyingi kupita uwezo wa watafiti, wakaomba msaada wa watu wa kujitolea duniani kote. Zaidi ya watu 28,000 walizitazama na kutaja majina ya wanyama waliowaona. Kisha wataalamu wa kompyuta wakaichukua hazina ya picha milioni 3.2 wakaifundishia mashine. Mwaka 2018 walitangaza kwamba mashine imeweza kutambua aina 48 za wanyama, na kupata zaidi ya asilimia 93 ya majibu sawasawa na wale watu wa kujitolea.

Mashine hiyo haikupewa maelezo kwamba punda milia ana milia. Ilioneshwa mifano mingi pamoja na majina, ikarekebishwa kidogo kidogo kila ilipokosea. Kwa hiyo ujuzi wake ulitokana na macho ya watu waliotangulia kuzitazama picha, na mipaka yake ni mipaka ya mifano hiyo.

Tuseme sasa kwamba mtu anatengeneza mashine ya namna hiyo kwa picha zilizopigwa ndani ya kreta ya Ngorongoro peke yake. Humo wamo simba, nyati, nyumbu, punda milia na viboko, lakini twiga hawamo. Mashine hiyo ikioneshwa twiga aliyesimama nje ya kreta haitasema "simjui", isipokuwa kama imetengenezwa kwa njia ya kuiwezesha kusema hivyo. Itachagua jina moja katika yale iliyofundishwa. Si hivyo tu. Mwaka 2018 huo huo, watafiti wa California walionyesha kwamba mashine zilizojifunza kutambua wanyama mahali fulani hukosea zaidi zipelekwapo mahali papya, maana huweza kushika mandhari badala ya kumshika mnyama. Hapo fundi huuliza, "Tuongeze mifano gani?" Mwanafalsafa huuliza, "Ni nani aliyechagua mifano, na nani ataumia jibu likiwa kosa?" Maswali yote mawili ni ya lazima, hasa mashine hizo zinapoletwa kusoma majani ya mahindi yenye ugonjwa, au kusahihisha mitihani ya watoto.

Swali la tatu: kujibu vyema ni kuelewa?

Mwaka 1980 mwanafalsafa wa Marekani, John Searle, alitoa mfano mashuhuri. Tufikiri kwamba mtu asiyejua Kichina amefungiwa chumbani na kitabu kikubwa cha kanuni. Karatasi zenye maandishi ya Kichina zinapenyezwa mlangoni. Yeye hulinganisha alama na kanuni, hunakili alama nyingine, huzitoa nje. Walio nje husoma majibu mazuri wakadhani aliye ndani anajua Kichina, kumbe hajui hata neno moja. Searle akasema kwamba kompyuta iko katika hali hiyo. Wapinzani wake walijibu kwamba, ijapokuwa mtu yule haelewi, pengine chumba kizima, pamoja na kitabu na kanuni zake, kinaelewa. Mjadala huo haujamalizika.

Mwalimu wa Karatu hana haja ya kwenda China ili akione chumba hicho. Darasani mwake wamo watoto waliolelewa kwa Kiiraqw, kwa Kimaasai au kwa Kidatoga, ambao wanajifunza kwa Kiswahili. Mtoto hodari anaweza kuokota neno moja katika swali, akakumbuka sentensi ya ubaoni yenye neno hilo, akaiandika, akapata alama zote. Amefanya kama mtu wa chumbani. Na kosa si lake, kwani sisi ndio tuliomuuliza maswali ambayo kitabu cha kanuni kinatosha kuyajibu.

Somo la mfano: kanuni ya kutambua wanyama

Darasa: la Tano au la Sita. Muda: vipindi viwili vya dakika 40.

Shabaha: mwanafunzi aweze kutunga kanuni, kuijaribu, kuona upungufu wake na kuirekebisha, aidha aweze kupambanua kati ya kutii kanuni na kuelewa.

Zana: kadi kumi za maboksi zenye michoro ya punda, punda milia, tandala, nyumbu, nyati, chui, duma, fisi, popo na twiga.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi wakae katika makundi ya watu watano. Kila kundi lipewe mnyama mmoja, liandike kanuni ya kumtambua, kana kwamba linamwandikia mtu asiyepata kumwona.

Hatua ya pili. Mwanafunzi mmoja asimame mbele awe "mashine". Atatii kanuni iliyoandikwa tu, wala hataongeza lake. Kundi likiwa limeandika "Mwenye milia ni punda milia", mwalimu aoneshe kadi ya tandala, ambaye ana milia myeupe ubavuni. Mashine haina budi kujibu "punda milia". Darasa litacheka, na kicheko hicho ndicho mlango wa somo.

Hatua ya tatu. Makundi yarekebishe kanuni zao. Waliopewa chui na duma watafute tofauti: duma ana mstari mweusi utokao jichoni hadi mdomoni, chui hana. Mwalimu aulize, "Na duma akigeuza uso, mashine itafanya nini?"

Hatua ya nne. Mwalimu aifiche kadi ya twiga. Achukue nyumbu, nyati, punda milia na fisi, amwoneshe "mashine" wa pili kadi hizo na majina yake, na amkataze kutaja jina lolote jingine. Kisha aitoe kadi ya twiga. Wanafunzi waeleze kwa nini jibu limekuwa kosa, na kosa hilo ni la nani.

Hatua ya tano. Majadiliano: "Je, mashine yetu ilimjua chui?" Watoto wa wafugaji waeleze wanavyomtambua ng'ombe wao mmoja katika kundi zima, kwa rangi, kwa pembe, hata kwa mwendo. Waulizwe kama wangeweza kuyaandika yote hayo katika kanuni moja. Mwalimu asifunge mjadala kwa kutoa jibu lake.

Tathmini: asiulize "Taja sifa za mamalia". Atoe jambo ambalo halikuwa ubaoni, kisha atazame alama tatu: mwanafunzi anaweza kulitumia alilojifunza mahali papya, anaweza kueleza sababu ya jibu lake, na anaweza kuligundua kosa lake mwenyewe.

Tahadhari

Kwanza, tusidharau kukariri. Jedwali la kuzidisha sharti likaririwe, na asiye na akiba kichwani hana cha kufikiria. Pili, tusiwaambie watoto kwamba mashine ni mtu, wala kwamba ni uchawi. Ni kazi ya watu, iliyojengwa kwa mifano ya watu. Tatu, mwanachuo anayeiomba mashine imwandikie andalio la somo, akalinakili bila kulipima kwa darasa lake, amejifungia mwenyewe katika chumba cha Searle. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka elimu ijenge akili yenye kudadisi. Haja hiyo imezidi sasa, kwani majibu yamekuwa rahisi kupatikana.

Hitimisho

Tulimshauri mwanachuo wetu asimnyime msichana yule alama za jibu lake la kwanza, wala asimalizie hapo, bali amrudishie swali. Akamuuliza, "Mtoto wa popo hula nini?" Msichana akanyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Mwalimu, kwani popo hutaga mayai?" Swali hilo halikuwa ubaoni, wala hakuna aliyemfundisha kuliuliza. Hatuna hakika bado kama mashine zinaelewa. Lakini siku ile tulikuwa na hakika kwamba mtoto mmoja wa Karatu ameanza kuelewa, na kwamba mwalimu wake alikuwapo kulisikia swali lake.

Maswali ya kujadili

1. Chagua swali moja ulilowapa wanafunzi wako katika mazoezi ya kufundisha. Je, mtu wa chumbani angeweza kulijibu? Liandike upya.

2. Wataalamu wa mwaka 1964 walishusha kipimo cha ubongo. Je, walikosea? Toa sababu.

3. Mashine ikisahihisha insha ya mtoto ikakosea, ni nani mwenye kuwajibika? Jadilianeni katika makundi.