Sentensi Moja Iliyo Wazi

Wako walimu wafundishao kuandika kwa kuwakaririsha wanafunzi kanuni za sarufi. Mwanafunzi huzijua zote, lakini barua yake haifahamiki. Sababu yake ni nini? Sarufi imetengwa na sentensi.

Tazameni mfano huu: "Zakaria alimwambia Yosia kwamba deni lake limelipwa." Deni la nani? Kila neno ni sahihi, walakini watu wawili waweza kugombana kwa ajili ya sentensi hiyo. Ikiwa deni ni la Yosia, na iandikwe: Zakaria alimwambia Yosia, "Deni lako limelipwa." Ikiwa ni la Zakaria, na iandikwe: "Deni langu." Neno moja limezuia ugomvi.

Basi, mwalimu, twaa sentensi moja katika daftari la mwanafunzi, uiandike ubaoni. Uliza: Ni nani atendaye? Ni nani atendewaye? "Lake" ni la nani? Kisha darasa zima liitengeneze, na mwenyewe aisome tena kwa sauti.

Wala msidhani kwamba watoto wetu ni wageni wa jambo hili. Asemaye Kihangaza huko Ngara, au Kisubi au Kisukuma huko Biharamulo, amezoea tangu nyumbani kwamba jina hutawala tendo lake, kama ilivyo katika Kiswahili: kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Anzeni na hayo ayajuayo.

Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba neno lisilofahamika hupotea hewani. Barua nayo ni vivyo hivyo.