Ukitafuta Duka la Dawa Italia

Nawapeni Kitaliani kidogo nilichookota Roma katika Jubilei ya Vijana, mwaka 2025.

Usiku mmoja mwenzangu alishikwa na homa. Tuliufuata msalaba wa kijani, ndiyo alama ya duka la dawa, tukakuta mlangoni neno "chiuso". Nililisoma kwa Kiswahili, kumbe "ch" yao ni "k" yetu: "kiuso", yaani pamefungwa. Na "c" ikifuatwa na "e" au "i" ndiyo "ch" yetu. "Farmacia" husomwa "farmachia", na sauti huvutwa penye "chi". Tulikuwa karibu kurudi kulala, ila mlangoni palibandikwa karatasi: "farmacia di turno", duka lenye zamu usiku ule. Nikamwuliza mpita njia, "Scusi, dov'è?" (skuzi, dove), samahani, liko wapi? Akatupeleka.

Huko nikasema, "Il mio amico ha la febbre," rafiki yangu ana homa. Mwuza dawa akatoa vidonge vya kushusha homa. Tulikwisha kulipa nilipokumbuka kuongeza, "Veniamo dall'Uganda. Forse malaria." Tumetoka Uganda, labda ni malaria. (Neno hilo ni lao wenyewe: "mala aria", hewa mbaya.) Uso ukambadilika. "Pronto soccorso, subito!" Hospitali, kwenye wagonjwa wa dharura, upesi! Damu ilipopimwa, vijidudu vya malaria vilionekana.