Somo la 12: Chuma Kinachokaa Ndani ya Damu

Umekwisha kukaanga yai katika sufuria bila mafuta? Yai linashikamana na chuma, nawe unapashwa kukwangua kwa nguvu. Ni proteini za yai zinazoshika vile. Damu yako nayo ina proteini: katika litri moja ya maji ya damu kuna gramu 60 mpaka 80. Ndani ya mwili hakuna moto wa jiko, lakini proteini hizi zinashika chuma vilevile.

1. Sababu gani chuma kinatiwa katika damu?

Mushipa wa moyo ukiwa karibu kuziba, wanganga wanaweza kutia ndani yake bomba dogo la waya, ili damu ipite. Linaitwa stenti. Munganga Jacques Puel alitia la kwanza katika moyo wa mutu huko Toulouse, Ufaransa, mwaka 1986.

2. Hatari ni nini?

Kwa dakika chache tu proteini zinafunika chuma. Moja yao ni fibrinojeni, ile inayosaidia damu kuganda juu ya kidonda. Ikilala juu ya chuma, umbo lake linageuka, na chembe za kugandisha damu zinaishika. Chembe moja inaita zingine. Damu inaganda, mushipa unaziba, na mutu anaweza kufa. Hatari hii iliwapata wagonjwa wengi wa miaka ile ya kwanza.

3. Chuma kinafunikwa namna gani?

Umejaribu kukamata kambale kwa mukono? Anateleza, kwa sababu ngozi yake imefunikwa na ute wenye maji mengi. Wenye elimu wanatafuta kukipa chuma ngozi ya namna hiyo. Wanatumia polima, maana yake nyuzi ndefu zenye viungo vidogo vinavyofuatana kama munyororo. Polima moja inaitwa polietileni glikoli. Nyuzi zake zinafungwa juu ya chuma kwa ncha moja, zinasimama karibu karibu kama majani ya shamba, nazo zinashika maji sana. Proteini ikija, inapashwa kwanza kukamua maji yale na kukunja nyuzi. Haiwezi kwa urahisi, basi inarudi katika damu.

Polima zingine zinaiga ngozi ya nje ya chembe nyekundu za damu, ambayo proteini hazishikamani nayo sana.

4. Kazi yako ni gani?

Kifuniko kinapunguza hatari, hakiimalizi. Nyuzi zikiwa chache, au zikiharibika, proteini zinapata nafasi. Tena si kila stenti ina kifuniko cha namna hii. Kwa hiyo mutu mwenye stenti anapewa dawa za kuzuia damu isigande, kama vile aspirini. Wengine wanasema: «Ninajisikia vizuri, dawa ya nini?» Usiseme hivyo. Damu inaganda pasipo kukuonya. Usiache dawa hata siku moja bila kuuliza munganga. Ukienda kungolewa jino au kupasuliwa, sema mbele: «Nina chuma katika moyo.» Kifua kikikuuma na kukubana, usingoje asubuhi, watu wako wakupeleke hospitali mara moja.

Maulizo

1. Proteini gani ya damu inasaidia damu kuganda?
2. Sababu gani proteini hazipiti kwa urahisi kati ya nyuzi za polima?
3. Mugonjwa anajisikia vizuri, anataka kuacha dawa. Utamwambia nini?